Ashushe Yeye Kwanza

Thornton Heath
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Wakesho binti yangu,

Salamu tumepeana asubuhi jikoni, kwa hiyo naziruka. Wewe na mama yako mmekwenda Ilford kutafuta viatu vya ofisi, na ninavyomjua mama yako, ataulizia bei ya kila kiatu mtaa mzima, kisha mrudi mkanunue kile cha duka la kwanza. Nina saa tatu, nne hivi za kukaa peke yangu. Maagizo ya safari amekwisha kukubandikia kwenye mlango wa friji: dawa, nakala za pasipoti, maji ya kuchemsha. Hapo sina la kuongeza.

Naandika kwa sababu ya swali lako la jana. Ulisimama mlangoni pa sebule umevaa ile fulana yangu kuukuu uliyoiteka, ukaniuliza, "Baba, utampigia Uncle Mwadime kabla sijafika? Yes or no?" Nikasema tutaona. Ukasema, "Tutaona si jibu, Baba. Tutaona ni no yenye adabu." Ukaenda zako kulala, mimi nikabaki natazama televisheni iliyozimwa.

Kesho asubuhi unapanda ndege. Keshokutwa unaingia Voi, utafikia kwa Mwadime, mdogo wangu wa tumbo moja, kama mlivyopanga na mke wake kwenye simu. Wiki ijayo unaanza kazi kwenye ile ofisi ya kuwakutanisha wenye malori na wenye reli wapatane bei za kubeba mizigo. Na mimi na Mwadime hatujasemezana miaka minane. Watu wa kanisani wanadhani tuligombania shamba. Mama Kilonzo aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni mwanamke. Ni vitunguu.

Ulikuwa na miaka kumi na minne tulipohama, kwa hiyo kisa unakijua vipandevipande. Leo nataka ukijue chote, pamoja na ile sehemu ambayo huwa naiacha.

Vitunguu vilitoka Tanzania, vikavuka mpaka Taveta, vikaishia soko la Kongowea kule Mombasa. Kutoka Taveta hadi Voi, barabara ilikuwa ya chama cha wenye malori cha Mwadime. Kutoka Voi hadi Mombasa ilikuwa ya chama chetu, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Pale Voi, nyuma ya kituo cha mafuta, mzigo ulihamishwa gunia kwa gunia kutoka malori yao kuingia malori yetu. Hakuna lori la Taveta lililopita Voi, wala letu lililovuka kwenda kwao. Ilikuwa desturi tuliyoikuta, na hakuna aliyeuliza maana yake, kwa sababu kila mtu alikula hapo: makuli, mama wa chai, watu wa turubai, na sisi. Bibi yako kule Wundanyi alikuwa akijisifu kwa majirani kwamba wanawe wameishika barabara huku na huku.

Halafu ikaja reli mpya. Mama Zainabu, yule mwenye vitunguu karibu nusu ya vyote vilivyoingia Kongowea, akatuita mimi na Mwadime hotelini Voi. Akatuagizia pilau. Alituacha tule kwanza, kisha akasema, "Wanangu, mimi sina ugomvi na nyie. Reli wamenipa bei yao ya njia nzima, na mzigo watauchukua wenyewe Taveta. Mkishusha nyote wawili, kila mtu kidogo tu, nabaki nanyi. Akishusha mmoja, hainifai." Tukaitikia kwa vichwa kama watoto wa madrasa.

Nje, kati ya malori, Mwadime akaniambia, "Kaka, kipande chako ni kirefu na kimeshiba. Anza wewe."

Nikamjibu, "Chako ni kifupi na unakitoza kama kirefu. Anza wewe."

Yote mawili yalikuwa kweli. Ndiyo maana hatukuweza kusogea.

Wiki hiyo nilipanda nyuma ya lori mbele ya wanachama wangu, nikapaza sauti kwamba hatushuki hata senti moja mpaka Taveta washuke. Wakanipigia makofi. Nakumbuka jua lilikuwa kali na nilikuwa nimevaa shati jeupe, na nilijiona mtu mkubwa sana, Wakesho. Huko Taveta, baadaye nilisikia, Mwadime alisema maneno yaleyale kwa watu wake, na wao walipiga makofi.

Sasa sehemu ninayoiacha. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeshakaa na karatasi nikaona kwamba naweza kushusha peke yangu na bado nikalisha nyumba yangu. Mama Zainabu alisema akishusha mmoja haimfai, lakini ningeshusha mimi mkubwa, Mwadime angekosa pa kusimama. Angefuata ndani ya wiki. Nilimjua ndugu yangu, nililala naye kitanda kimoja miaka kumi. Nilijua hivyo, na bado nikapanda juu ya lori, kwa sababu sikutaka aje kusema mbele za watu kwamba kaka yake ndiye aliyelegea. Mama yako hajui hili. Unaweza kumwambia, au niachie nimwambie mwenyewe.

Vitunguu vikahamia kwenye reli. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, ila hapa hata kunguru simlaumu, maana aliweka bei yake mezani wazi na sisi tulikuwa na nafasi ya kujibu. Malori yetu yakasimama pale Voi mpaka nyasi zikaota kati ya magurudumu. Mimi nikamlaumu Mwadime, yeye akanilaumu mimi, na siku moja kwenye simu nikamtamkia neno kuhusu yeye na marehemu baba yetu ambalo sitaliandika hapa. Akakata simu. Mama yako alikuwa ameshapata kazi ya unesi huku London. Nikauza lori, tukaja.

Bibi yako alipofariki, mimi nilifuata mazishi kwenye simu, unakumbuka, wewe ndiye uliyenishikia isianguke. Mwadime alipita mbele ya kamera mara mbili. Nilingoja anipigie baadaye anipe pole. Naye, nadhani, alingoja mimi. Tulizika mama mmoja, kila mtu akiwa ameshika pole yake mkononi. Katika mambo yote niliyoyafanya maishani, hilo ndilo ninaloliona la aibu zaidi, kuliko lori, kuliko lile neno.

Huwa unawaambia rafiki zako kwamba baba yako anafanya kazi "kwenye karatasi". Ni kweli. Nashusha maboksi ya karatasi za kale kutoka kwenye rafu, nayasukuma kwa toroli hadi chumba cha wasomaji, na jioni nahakikisha kila ukurasa umerudi kwenye nafasi yake. Kusoma si kazi yangu. Lakini huwezi kupanga kurasa bila kuziangalia, na mtu akiangalia, macho yanasoma yenyewe.

Boksi lile nililokusimulia lilirudishwa mezani siku moja ya baridi na mzee mmoja mtafiti, barua zote zimevurugika. Zilikuwa za kampuni mbili za mifereji. Kabla ya reli nchi hii ilichimbwa mifereji kila upande, na makaa ya mawe yalikuja London kwa mashua nyembamba zilizovutwa na farasi. Lakini njia haikuwa ya mtu mmoja. Mashua ilipita kwenye maji ya kampuni hii, ikavuka mpaka ikaingia ya kampuni ile, na kwenye kila mpaka palikuwa na kibanda na karani mwenye kijiti cha kupimia. Anachovya kijiti ubavuni, anaona mashua imezama kiasi gani, anajua imebeba tani ngapi, anadai ushuru wa kila tani kwa kila maili. Nikaanza kucheka peke yangu hapo, maana karani wetu pale Voi alikuwa akipima lori kwa kutazama tairi zilivyokaa.

Halafu nikafika kwenye barua zenyewe, nikaacha kucheka. Reli ilikuwa inajengwa sambamba na mfereji, wote walikuwa wakiiona. Kampuni ya kipande kirefu ikaandika kwa jirani yake kwamba iko tayari kupunguza ushuru wa makaa, mara tu jirani atakapopunguza wake. Jirani, mwenye kipande kifupi ambacho hakuna mashua ingeweza kukikwepa, akajibu kwa heshima nyingi kwamba atafurahi kulifikiria jambo hilo mara wao watakapokuwa wameshapunguza. Barua ya tatu inarudia ya kwanza. Ya tano inarudia ya pili. Wakakutana kwenye hoteli, wakaandika kumbukumbu kwamba wote wanakubali ushuru ni mkubwa mno, na kwamba wataahirisha. Hata chakula walichokula kiliandikwa.

Nilikaa kwenye kile kigoda cha bohari, Wakesho, nikazisoma tena. Ilikuwa sauti yangu. Wazungu wenye kofia ndefu, waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa, walikuwa wakisema maneno niliyoyasema mimi juu ya lori. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani ule upumbavu ni wetu, wa mimi na Mwadime, kwamba ni damu yetu ya Kidawida, ya watu wa Taita, inayotufanya wabishi. Nilipoona kwamba hata hawa waliofanya mikutano na makatibu na wino mzuri walinaswa palepale, nilijisikia vibaya kidogo na nafuu kidogo. Msimamizi wangu akapita akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia vumbi.

Mwisho wake upo kwenye boksi lililofuata, nililichukua kwa hila wiki iliyokuja. Walipunguza. Walipunguza sana, na kwa pamoja, baada ya treni kuanza kupita. Makaa mengine yaliendelea kuja kwa maji miaka mingi tu, sitaki kukudanganya kwamba walikufa siku moja. Lakini kile walichoweza kukipata kwa kupunguza kidogo mapema, wakaja kukikosa kwa kupunguza sana wakiwa wamechelewa.

Jumamosi hiyo nikakuchukua kwenda Edgware Road. Ulikuwa na miaka kumi na saba na ulikuja kwa sababu niliahidi shawarma. Tulikula tukitembea, tukafika pale mfereji ulipo nyuma ya barabara, tukakaa kwenye benchi, nikakusimulia boksi lote mpaka mchuzi ukakauka kwenye vidole vyako. Nilikusimulia makampuni tu. Sikutaja vitunguu. Ulijifuta vidole kwa karatasi ya shawarma. Kisha ukasema, "Baba, that's you and Uncle."

Nikauliza nani amekwambia. Ukasema, "Mama. Na bibi. Na everybody."

Halafu ukauliza lile swali ambalo mpaka leo silisahau. "Kwa nini hawakuandika tu, kila mtu bei yake, wafungue siku moja? Hapo hakuna wa kwanza."

Nimesoma maboksi yale mara tatu, na nilikuwa mwenyekiti wa chama miaka sita, na wazo hilo halikunipitia kichwani hata siku moja. Mtoto wa shule mwenye mchuzi wa kitunguu saumu kidevuni alilitoa kama mtu anayeuliza basi linapita saa ngapi. Nilikuambia hujui biashara. Samahani kwa hilo. Ulikuwa unaijua kuliko mimi.

Na mwaka jana ukathibitisha, sebuleni kwangu, mbele ya macho yangu. Bwana Kilonzo ana gari la kukusanya mapipa ya mizigo majumbani, na Bwana Otieno ana kontena la kuyapeleka Mombasa. Kina mama wa kanisa walikuwa wamepata mtu mwingine anayefanya yote mawili kwa bei nafuu, nao walikuwa tayari kuhama, na Krismasi ilikuwa inakaribia. Kilonzo alisema Otieno apunguze kwanza. Otieno akasema gari linaloanza ndilo lianze. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni natazama, na niliujua wimbo ule mpaka ubeti wa mwisho.

Ukawaita wote wawili siku ya Jumapili. Ukawapa chai. Ukampa kila mmoja bahasha na kalamu, ukamwambia Kilonzo aende jikoni na Otieno abaki sebuleni. "Andika bei ya chini kabisa ambayo bado utalala usingizi. Mkikosa kupatana, nazichana zote mbili na hakuna atakayejua mwenzake aliandika nini." Otieno akakutazama akasema, "Huyu msichana ametoka wapi na mambo ya mahakama?" Ukamjibu, "Ametoka Thornton Heath, Uncle. Andika."

Ukazifungua pamoja. Kila mmoja alikuwa ameshusha zaidi ya ilivyohitajika. Kilonzo akacheka mpaka akakohoa. Kumbe wote wawili walikuwa tayari tangu mwanzo, kila mtu akilinda uso wake tu. Kina mama wa kanisa wakabaki, mapipa yakaenda, na wewe ukaja jikoni kuosha vikombe ukaniambia kwa sauti ndogo, "Ni boksi lako, Baba." Nikajifanya natafuta sukari kabatini. Nilikuwa nalia. Nakwambia leo ili usije ukadhani siku ile nilikuwa na haraka ya sukari.

Sijawahi kukwambia vizuri kwamba najivunia wewe. Nilisema "hongera" ulipopata shahada, nilisema "vyema" ulipopata kazi hii, maneno ya mtu anayetia sahihi ya kupokea barua. Basi nasema sasa: najivunia wewe mpaka nashindwa kuketi. Kazini nimewaambia watu wote, hadi mlinzi wa mlangoni, kwamba binti yangu anakwenda kukaa kwenye meza ile ambayo mimi niliiangusha. Mlinzi ananiita Baba Voi siku hizi.

Kuhusu meza hiyo. Watakuja wanaume wenye makelele, wengine umri wangu. Mmoja atapiga meza kwa kiganja na kusema hashuki. Mtazame vizuri huyo. Pengine jana yake alisimama juu ya lori akapigiwa makofi, na sasa hajui atateremka vipi bila kuchekwa. Hakuchukii. Anaogopa kurudi kwa watu wake mikono mitupu. Ukimpatia ngazi, atateremka mwenyewe, na baadaye atadai ilikuwa fikra yake, na wewe umwache adai. Mimi hakuna aliyeniletea ngazi, lakini nisiseme uongo, Mama Zainabu aliniletea na sikutaka kuiona.

Na mwenye kipande kifupi usimdharau, wala usimwogope. Hutoza sana kwa sababu hicho ndicho kila kitu alichonacho. Wakati ule nilimwona Mwadime ana tamaa. Leo naona alikuwa na malori matatu mabovu, watoto wanne, na barabara fupi.

Nawe una kichwa kigumu, binti yangu. Umekipata wapi hatutauliza. Siku utakapojisikia uko sahihi kabisa, na ushahidi wote unao, na mwenzako naye yuko sahihi, siku hiyo ndiyo ya kuogopa. Mimi na Mwadime tusingepotea kama mmoja wetu angekuwa mjinga kidogo.

Nimeandika mpaka hapa nikaacha, nikaenda kusimama dirishani. Bahasha zako ni nzuri kwa bei za mapipa. Nimejaribu kufikiria mimi na Mwadime kila mtu aandike pole yake kwenye karatasi, zifunguliwe siku moja, nikajiona mjinga. Pole haiandikwi hivyo. Hapa lazima awepo wa kwanza, na mkubwa ni mimi. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Miaka minane watu wamelima, kapu hatujalitoa.

Naiweka kalamu chini. Napiga.

*

Nimerudi.

Iliita muda mrefu. Nilikuwa karibu kukata, na nakiri nilifurahi kidogo kwamba hatapokea. Akapokea. Hakusema "hallo." Alinisalimu kwa Kidawida, na mimi nikamjibu kwa Kidawida, na hapo nikakwama, Wakesho. Mama yako ni Mkisii, nyumbani tumeongea Kiswahili maisha yetu yote, na kwa miaka minane sijaongea lugha ya mama yangu na mtu aliyeisikia kwenye jiko moja na mimi. Nakuandikia kwa Kiswahili tuliyosema, lakini ujue hayakuwa hivi yalivyotoka.

Nikamwambia, "Mwadime, nilijua naweza kushusha. Siku ile. Nilijua na sikutaka."

Nilisikia kuku nyuma yake. Akasema, "Na mimi nilijua, kaka."

Nikamwambia pole ya mama. Yeye akaniambia pole ya mama. Lile neno nililomtamkia nikaliomba msamaha, akasema ameshalisahau, na kwa jinsi alivyolisema haraka nikajua hajalisahau, ila amelisamehe. Nikasema basi, Wakesho anafika keshokutwa, mpokee, mimi nimekukabidhi.

Hapo akakasirika. Nilimsikia akisimama kutoka kwenye kiti. "Unanikabidhi kwa simu?" akasema. "Vitunguu ndivyo vinapokezwa Voi, kaka. Mtoto wa mtu haachwi nusu ya njia akapokewa na gari lingine. Mtoto analetwa na baba yake mpaka mlangoni. Mlete."

Nikasema tiketi ni kesho. Akasema, "Basi una leo yote." Akakata.

Unanijua. Mimi ni mtu wa kufikiri wiki mbili kabla ya kununua kandambili. Nilimpigia msimamizi wangu nyumbani kwake, siku ya Jumamosi, kitu ambacho sijawahi kufanya. Nilimwambia nina siku za likizo ambazo kila mwaka huwa nazipoteza na nazihitaji sita, kuanzia kesho. Akauliza kama kuna msiba. Nikasema hapana, ni kinyume chake, ila sikujua Kiingereza cha kinyume cha msiba. Akasema nenda. Kiti kimebaki kimoja kwenye ndege yako, safu ya mwisho karibu na choo, na nimekilipia. Mama yako atapiga kelele kuhusu nauli, na kisha atalia, na sina hakika kitaanza kipi.

Kwa hiyo swali lako utakuwa umelijua jibu lake jioni hii mkiingia na viatu. Barua nitakupa kesho ukishakaa kwenye kiti chako, uisome angani. Usiogope, sitaingia ofisini kwako, wala sitamsalimia bosi wako. Nitakaa siku nne kwa Mwadime, nitakwenda naye kaburini kwa bibi yako, kisha nageuka narudi kwenye maboksi yangu, na kazi itabaki yako peke yako, kama inavyostahili.

Nakuomba jambo moja tu. Tukifika pale Voi, atakuwa amesimama anangoja, na wewe utataka kukimbia mbele kwa furaha. Nipishe. Najua mila yetu, mdogo ndiye humwamkia mkubwa, na Mwadime atakuwa ameshafungua mdomo. Niache nitangulie, nimsalimu mimi.

Baba yako